Barua ya wazi: Umeme wa bei nafuu unaishia kwa wenye mita

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati, kwa Mkurugenzi Mkuu wa EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, na kwa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, shirika la umeme.

Salaam kwenu. Mimi ni mpangaji hapa Dar es Salaam, mmoja wa wale wanaoishi chumba kimoja katika nyumba yenye vyumba vingi na mita moja. Nyumbani kwetu mimi ndiye mshika daftari la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Sikupewa kazi hiyo kwa uaminifu. Nilipewa kwa sababu wenzangu waliona najua kugawanya. Mengi ya nitakayosema yametoka humo.

Serikali imeweka bei maalumu ya umeme kwa mwananchi wa kipato cha chini, na hilo ni jambo jema. Kundi la D1 linalipa shilingi 100 kwa kila uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, uniti inafika shilingi 122. Kundi la T1, lenye nyumba za matumizi ya kawaida pamoja na biashara ndogo, linalipa shilingi 292, na makato hayo hayo yanaisogeza hadi 356 na senti kidogo. Bei hizi tunazo tangu Aprili 2016. Nyongeza iliyotangazwa ianze Januari 2017 ilizuiwa na Rais Magufuli kabla haijamfikia mtu, na tangu siku hizo unga umepanda, nauli imepanda, kodi ya chumba imepanda, lakini uniti ya umeme haijapanda. Sina ugomvi na bei. Ninachouliza ni nani hasa anaipata hiyo 122.

Chukueni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ya aina iliyojaa Manzese, Tandale, Mbagala na Buguruni: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu uani. Kila chumba kina kaya yake, yenye sufuria zake na shida zake. Tuseme kila kaya inatumia uniti 30 kwa mwezi, yaani taa, simu, redio, televisheni ndogo, na feni usiku wa joto. Jumla ni uniti 180. Mita inaona 180. Haioni kaya sita. Kwa mita, hapo anaishi mtu mmoja mwenye matumizi makubwa, basi nyumba inawekwa T1 na kila uniti inanunuliwa kwa 356. Inakuja shilingi 64,000 na ushee. Ukigawa kwa sita, kila chumba kinatoa karibu 10,700.

Sasa nendeni kwenye nyumba mpya yenye fleti, kila mlango na mita yake. Anaishi humo kijana mmoja, ana ajira nzuri, anashinda kazini, anakula nje, anarudi kulala. Ana friji, ana televisheni ya ukutani, ana intaneti. Anatumia uniti 70. Yuko D1, analipa shilingi 8,540.

Hebu rudieni tena hesabu hiyo. Mwenye uniti 70 na fleti yake analipa 8,540. Mwenye uniti 30 na chumba kimoja analipa 10,700. Mama lishe wa chumba cha tatu analipia uniti moja karibu mara tatu ya anavyolipa yule kijana, na anailipa chini ya mpango uliotungwa kwa ajili yake. Wala fedha ya ruzuku haishuki kutoka mbinguni: D1 inauziwa chini kwa sababu makundi mengine yanauziwa juu. Kwa maneno mengine, huyo mama anamchangia kijana wa fleti bili yake ya umeme, na hakuna aliyemwambia.

Simlaumu kijana. Hajadanganya mtu, hajaghushi fomu. Mita yake imefanya kile ilichoagizwa.

Najua kwenye makaratasi mambo yamepangwa kwa upole zaidi. Jedwali linasema mteja wa D1 akipitiliza 75, zile za ziada tu ndizo zinazotozwa 350 kabla ya makato. Lakini nyumba inayopitiliza kila mwezi haibaki D1. Inahamishiwa T1, na hapo hata uniti ya kwanza kabisa ya mwezi inauzwa bei ya juu. Kurudi chini ni mpaka matumizi yashuke, na matumizi ya kaya sita hayashuki mpaka kaya nne zihame. Nyumba ya wapangaji haina njia ya kurudi.

Pengine wengine wenu hamjawahi kuishi kwenye nyumba ya kuchangia umeme, au mliishi zamani mkasahau, kwa hiyo niwaambie inavyokwenda. Kila chumba kinapangiwa kiasi kulingana na vitu vyake. Mwenye taa na simu anatoa kidogo, mwenye televisheni anaongeza, mwenye feni anaongeza, mwenye friji anatoa kama chumba na nusu na bado anasemwa. Pasi ni kwa ruhusa. Hita ya maji ni marufuku, na kila mtu anajua ni chumba gani kinayo. LUKU ikilia usiku wa tarehe 20, wenye hela wanajifanya wamelala, na wasio nayo wamelala kweli. Yupo dada anayeuza barafu na juisi za watoto kwenye mifuko. Friji yake ndiyo mtaji wake wote, na ndiyo sababu ya nusu ya ugomvi wa nyumba. Wenzake wanasema anawanyonya. Yeye anasema ameshatoa elfu kumi na tano, watoe na wao. Wote wana haki, kwa sababu kwa bei ya 356 hakuna mgao utakaompendeza mtu.

Kuna wenye nyumba walioamua kumaliza ugomvi kwa kufunga mita ndogo za ndani, kila chumba na yake. Wazo si baya. Ila mwenye nyumba ndiye anayekuwa muuzaji, na bei anaipanga yeye. Ananunua kwa 356 na kuuza kwa bei inayompendeza, nayo haiko kwenye jedwali lenu lolote. EWURA inadhibiti bei ya umeme hadi kwenye nguzo. Ndani ya korido anadhibiti baba mwenye nyumba.

Mtasema: basi kila mpangaji aombe mita yake. Mwaka 2021 huenda tungejaribu, maana bei ya kuunganishiwa ilikuwa 27,000 mjini na kijijini. Januari 2022 ya mijini ilirudishwa juu, shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo karibu na nguzo na isiyohitaji nguzo mpya. Kwa wengi wa majirani zangu hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Na hata kama mtu anayo, atafunga mita kwenye ukuta usio wake, kisha mwakani mwenye nyumba aseme mwanawe anaoa na chumba anakihitaji. Mita utaing'oa uende nayo? Hakuna mpangaji mwenye akili timamu atakayefanya hivyo.

Kuna la kodi ya jengo, na hapa nitasema kwa kifupi kwa sababu limeshasemwa sana. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Kisheria ni deni la mwenye jengo. Kwa vitendo linamwangukia anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi, na huyo ni mpangaji. Elfu kumi ya kwanza ya mwezi ikishatolewa 1,500, kinachobaki kinanunua uniti 23 na kitu. Kwa D1, elfu kumi nzima ingenunua karibu 77, yaani 75 za bei ya chini na mbili za bei ya ziada. Mnatuambia tukadai kwa mwenye nyumba. Waheshimiwa, mtu anayeomba aongezewe wiki mbili za kodi ya chumba haendi siku hiyo hiyo kumdai mwenye nyumba 1,500.

Nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni jikoni. Mei 2024 Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Tumeona mitungi ya gesi ya kilo 6 ikiuzwa kwa ruzuku, na tumeona matangazo ya majiko ya umeme ya presha. Jiko lile ni zuri kweli. Linapika maharage kwa chini ya uniti moja, na kwa bei ya 122 hakuna mkaa wa rejareja utakaoshindana nalo, maana mkaa wa kopo ndio mkaa ghali kuliko wote na ndio tunaonunua sisi. Lakini kaya inayoanza kupikia umeme inaongeza uniti zake. Ikiwa na mita yake peke yake, inaisogelea ile 75 na kuanza kuogopa. Ikiwa kwenye nyumba ya kuchangia, inaleta ugomvi mpya mezani, na kikao cha nyumba kinapiga marufuku jiko hilo kabla halijatoka kwenye boksi. Mkakati unasema pika kwa umeme, na mfumo wa bei unasema ukipika nitakuhamisha. Yote mawili yametoka serikali moja. Katika hali hii wapangaji watabaki na mkaa, moshi utabaki kwenye korido, na ikifika 2034 mtashangaa asilimia zimekwama wapi.

Hoja ya kwamba umeme hautoshi siku hizi ni ngumu kuisikiliza. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na wa mwisho ulikamilika 2025. Hata kabla yote haijawashwa, Machi 2024 mvua zilipokuwa nyingi, TANESCO ilizima kwa muda vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Umeme wa maji uliozimwa hauingizi hata shilingi. Kaya inayonunua uniti moja kwa 122 inaingiza 122.

Sitaki mnielewe kwamba natafuta umeme wa bure. Afrika Kusini walijaribu hilo tangu 2003: uniti 50 za bure kila mwezi kwa kaya maskini, kwa kujiandikisha kwenye orodha ya manispaa. Nia njema, lakini waliopanga vibanda nyuma ya nyumba za wengine wakabaki nje, kwa sababu mita na jina ni vya nyumba ya mbele. Huko nako uniti ziliifuata mita. Jirani zetu Kenya nao walishika mkasi: kiwango cha bei ya chini kilichokuwa uniti 100 wakakishusha hadi 30 mwaka 2023. Nawaomba msije mkatamani njia hiyo siku hesabu za ruzuku zitakapobana. Mkiishusha 75, kijana wa fleti atapanda kidogo, sawa, lakini wa kwenye korido hataona tofauti yoyote, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kupoteza. Na familia ya watu watano yenye mita yake kijijini ndiyo itakayoumia.

Ninachoomba ni kwamba zile uniti 75 zihesabiwe kwa kaya. Nyumba ikithibitika ina kaya sita, mita yake ipewe uniti 450 za bei ya D1 kwa mwezi, basi. Hamhitaji kuchimba mtaro wala kusimamisha nguzo. Mita za LUKU zinapokea tokeni, na bei inakokotolewa kwenye mfumo wenu kabla tokeni haijatoka. Namba iliyoandikwa 75 dhidi ya mita hiyo inabadilishwa kuwa nyingine. Na kiwango chenyewe si msahafu. Kabla ya 2014 kilikuwa uniti 50, mkakipandisha kuwa 75, na mbingu hazikuanguka.

Nani atathibitisha idadi ya kaya? Ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mjumbe wetu anajua nani anaishi chumba gani, nani amehama juzi, na nani anadaiwa na nani. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, umezifikia zaidi ya kaya milioni moja kwa kuanzia huko huko chini, kwenye mikutano ya vijiji na mitaa. Una dosari zake. Sote tunamjua mtu aliyeandikwa na hakustahili, na mwingine aliyestahili akaachwa. Lakini kuhesabu milango ni kazi rahisi kuliko kupima umaskini. Hamhitaji kuuliza mtu anakula mara ngapi kwa siku. Mnauliza hapa kuna kaya ngapi, Mtendaji anagonga muhuri, mnahakiki kila mwaka.

Wenye nyumba watadanganya, najua. Atakayekuwa na vyumba vinne atasema sita ili auze umeme wa nafuu kwa wengine. Kwa hiyo sharti liwe kwamba idadi ya kaya na bei ya uniti vibandikwe ukutani kwenye korido, karibu na mita, kwa karatasi yenye muhuri wa mtaa. Wapangaji wakiona imeandikwa kaya sita na wao wako wanne, watasema. Hatuna siri kwenye nyumba zile. Na mwenye mita ndogo za ndani asiruhusiwe kuuza uniti kwa zaidi ya anavyonunua, na EWURA iseme hivyo kwa maandishi, ili mpangaji awe na karatasi ya kuonyesha badala ya kubaki na manung'uniko.

Mapato yatapungua, hilo nalikubali. Nyumba ya mfano wangu ya uniti 180, ikilipa yote kwa 122, inaleta karibu 22,000 badala ya 64,000. Mkiona ni kubwa mno kwa mwaka wa kwanza, anzeni na uniti 40 kwa kaya kwenye nyumba za kuchangia, mpande polepole. Sitawalaumu kwa kuanza kidogo. Mnaweza pia kuwatazama walioko D1 wasiostahili: mwenye mita tatu kwa jina moja, kila moja ikitumia uniti 60, anajulikana kwenye mfumo wenu kuliko ninavyomjua mimi.

VAT nayo. Serikali inashusha uniti hadi 100 kwa sababu mnunuzi ni maskini, halafu inarudi mlango wa nyuma na kuchukua 18 kwa sababu mnunuzi ni mlaji. Hilo ni la Wizara ya Fedha zaidi ya nyinyi, lakini nyinyi ndio mnaokaa nao kwenye vikao vya bajeti. Waulizeni kwa niaba yetu.

La mwisho ni la utaratibu. EWURA huitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wananchi, kabla ya kubadilisha bei, na sheria inataka hivyo. Mikutano hiyo kwa kawaida ni ya mchana, ukumbini, na wanaoijaza ni wenye viwanda, wanasheria na waandishi. Baraza la Ushauri la Watumiaji lipo kutusemea na linajitahidi, lakini nyumba ya kuchangia inajieleza vizuri zaidi yenyewe. Mkutano ujao uitishwe Manzese au Mbagala, saa 12 jioni, watu wakiwa wamerudi. Tangazo libandikwe ofisi za mitaa zote za mkoa, si magazetini tu, na kwenye ajenda liwemo swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana: je, D1 ihesabiwe kwa kaya? Mkijibu hapana, mtupe sababu zenye tarakimu, tuzisome.

Wasalaam,
Mpangaji, Dar es Salaam